Mgongo ukiuma, iulize misuli kabla ya kumeza kidonge

Na Daktari Wetu, MACHAKOS

MSOMAJI mpendwa, bila shaka umewahi kuingia katika duka la dawa ukasema, "Nipe kitu cha mgongo," ukafungiwa vidonge katika kipande cha karatasi, ukameza na kwenda zako. Wengi wetu hufanya hivyo. Hata sisi madaktari tuna hatia katika jambo hili, na leo nitakueleza kosa langu kabla ya kukukosoa wewe.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja wa makamo kutoka upande wa vilima vya Iveti, hapa juu ya mji wa Machakos. Aliingia akiwa amejishika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Daktari, kiuno kinaniua," akasema. "Nadhani ni figo. Nidunge sindano."

Nilimpima mkojo na shinikizo la damu, nikaona figo zake hazina neno. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Nikamwandikia vidonge vya diklofenaki vya siku tano, akashukuru akaenda. Baada ya mwezi mmoja alirudi na maneno yale yale, nami nikamwandikia vidonge vile vile. Akarudi mara ya tatu. Nisichokijua ni kwamba katikati ya safari hizo alikuwa akijinunulia vidonge hivyo dukani, kila vilipokwisha.

Mara ya nne hakuja kwa miguu yake. Aliletwa usiku na mwanawe, viganja vyeupe, jasho baridi likimtiririka, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Dawa ya maumivu ilikuwa imemchimba kidonda katika tumbo, na kidonda kile kilikuwa kikivuja damu. Alikimbizwa hospitali kubwa, akaongezwa damu, na kwa rehema za Mungu akapona.

Nilipokwenda kumwona wodini ndipo nilipomuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza.

"Mama, kwa siku unabeba maji mara ngapi?"

"Mitungi minne tu, mwanangu. Ile ya lita ishirini. Lakini asubuhi huwa naanza na kuchimba matuta ya shamba."

Hesabu mwenyewe, msomaji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mama huyu alikuwa akipandisha mlimani kilo 80 za maji kila siku, baada ya kazi ya jembe, na mimi nilikuwa nikimtibu kwa vidonge.

Mwanawe, ambaye ni karani katika ofisi moja jijini Nairobi, alicheka kwa haya akasema, "Ajabu, daktari, ni kwamba mimi sibebi hata ndoo moja, na kiuno changu kinauma vivyo hivyo."

Hapo basi palikuwa na migongo miwili ya ukoo mmoja. Mmoja unauma kwa kazi nyingi, mwingine unauma kwa kukosa kazi. Na yote miwili ilikuwa ikitibiwa kwa kidonge kimoja! Ili tufahamu sababu, hatuna budi kwanza kuujua msuli.

Msuli ni nini?

Watu wengi husema "mshipa umevutika" wanapohisi maumivu ya shingo, ya paja au ya kiuno. Lakini mshipa ni mfereji wa damu. Kitu kinachovutika aghalabu ni msuli. Na usidhani msuli ni kitu kigeni kwako. Nyama uipimayo kwa mwenye bucha, iwe ya ng'ombe au ya mbuzi, ni msuli. Ule utando mweupe mgumu ambao meno hushindwa kuutafuna, mwishoni mwa kipande cha nyama ya mguu, ndio kano. Kazi ya kano ni kuufunga msuli kwenye mfupa. Kano kubwa kuliko zote mwilini ni ile iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino. Ishike kwa vidole uisikie ilivyo ngumu.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 ya aina hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, uzito wa misuli yote hukaribia thuluthi moja hadi asilimia 40 ya uzito wa mwili. Mkubwa kuliko yote ni ule wa makalio, unaotuinua kutoka kitini na kutupandisha mlima. Mdogo kuliko yote umejificha ndani ya sikio, nao kazi yake ni kupunguza mtikisiko wa sauti kubwa.

Kuna aina tatu za misuli. Aina ya kwanza ni misuli iliyofungwa kwenye mifupa, ambayo hufuata amri yako. Ukitaka kuinua mkono, huinuka. Aina ya pili ni misuli laini, iliyo katika kuta za tumbo, utumbo, kibofu, mishipa ya damu na mji wa mimba. Hii haingoji amri. Chakula chako husukumwa utumboni hata ukiwa umelala fofofo. Aina ya tatu ni msuli wa moyo, ambao hupiga karibu mara 100,000 kwa siku tangu kabla hujazaliwa, na pumziko lake ni ule muda mfupi tu kati ya pigo moja na jingine.

Leo tutashughulika hasa na aina ya kwanza.

Kamba ndani ya kamba

Chukua kamba ya mkonge, uifumue. Utakuta ndani yake kamba ndogo zilizosokotwa pamoja. Zifumue hizo nazo, utakuta nyuzi. Msuli umeumbwa kwa namna hiyo hiyo: fungu kubwa lenye mafungu madogo, na kila fungu dogo lina nyuzi nyembamba kama unywele au hata kuliko unywele.

Ndani ya kila uzi kuna vijiuzi vya protini za aina mbili, aktini na mayosini, vilivyopangwa kwa zamu. Mayosini ina vichwa vidogo mithili ya mikono. Ubongo unapotuma amri kupitia neva, madini ya kalsiamu hufunguliwa ndani ya uzi, na vile vichwa vya mayosini hushika aktini, huvuta, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Ni kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, mkono kwa mkono. Nyuzi huteleza, moja ndani ya nyingine, na msuli mzima hufupika. Jambo hili lilielezwa mwaka 1954 na vikundi viwili vya wanasayansi, kimoja cha Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kingine cha Hugh Huxley na Jean Hanson.

Ajabu moja ni kwamba kuachia nako kunahitaji nguvu, si kushika peke yake. Ndiyo maana mnyama aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache. Nguvu imekwisha mwilini, na mikono ya mayosini imebaki imeshika.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa hiyo misuli mingi hufanya kazi kwa jozi. Msuli wa mbele ya mkono wa juu hukunja kiwiko, na wa nyuma hukinyoosha. Mmoja ukivuta, mwenzake hulegea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mwili unalijua jambo hilo. Mgongo nao ni vivyo hivyo. Nyuma kuna misuli mirefu iliyolala pande mbili za uti wa mgongo, mbele na kando kuna misuli ya tumbo, juu kuna kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu na mji wa mimba. Yote hii huufunga uti wa mgongo kama kamba zinavyoufunga mlingoti wa hema. Kamba moja ikilegea, nyingine huvutika kupita kiasi.

Hesabu ya jembe na mtungi

Machakos ni nchi ya matuta. Mtu akisafiri kutoka mjini kuelekea Kathiani au Masii huona vilima vilivyokatwa ngazi ngazi. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoifanya wilaya hii ijulikane ulimwenguni, wakieleza jinsi wakazi wake walivyouokoa udongo uliokuwa ukichukuliwa na mvua, ingawa idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, na wanawake katika vikundi vya mwethya walikuwa mstari wa mbele. Aina moja ya matuta hayo huitwa "fanya juu", kwa sababu mchimbaji hutoa udongo mtaroni na kuutupa upande wa juu wa mteremko.

Tazama basi jambo hilo kwa jicho la daktari. Mtu ameinama, ameshika sepetu yenye udongo, anainua na kupinda kiuno kwa wakati mmoja, kisha anatupa juu. Anarudia hivyo mara mia kadhaa.

Mwili hapo hufuata sheria ya wenzo. Misuli ya mgongo iko karibu sana na uti wa mgongo, kama sentimita tano hivi. Ukiinua kilo 20 ukiwa umenyoosha mikono, mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya uti, umbali huo ni mara kumi. Kwa hiyo misuli ya kiuno inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 hivi, bado hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako. Ukiukumbatia mzigo huo huo karibu na tumbo, sentimita 25, nguvu inayohitajika inashuka hadi kilo 100. Mzigo haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni umbali.

Wanawake wa Ukambani na wa Mlima Kenya walilijua jambo hili zamani. Hawabebi maji kwa mikono iliyonyooshwa. Huweka mtungi mgongoni na kupitisha mkanda kwenye paji la uso. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda, na wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, wakati wakitembea na mizigo, wakapima hewa ya oksijeni waliyotumia. Waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu! Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza siri yake: mwendo wao hufanana na timazi inayoning'inia na kwenda huku na huku, na chini ya mzigo hupoteza nguvu kidogo kuliko watu wengine. Utafiti wa baadaye wa Afrika Kusini haukuona unafuu huo kwa kila mwanamke, lakini ujuzi wa wale waliopimwa hapa Kenya ni jambo la kustaajabisha.

Hata hivyo, tusisahau kipimo. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ni thuluthi nzima ya uzito wake. Amekwisha kuvuka mpaka wa unafuu ule, na kila kilo inayozidi hulipwa na misuli ya shingo, ya mgongo na ya mapaja. Isitoshe, watafiti hawakumpima akipanda mlima wa Iveti baada ya kutwa ya jembe.

Kuku wa kienyeji na mwanariadha

Msuli hula nini? Huwa na akiba ya nguvu ya sekunde chache tu, inayomtosha mtu kuruka mtaro. Baada ya hapo hutumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Kazi ikiendelea kwa dakika kadhaa, hutegemea zaidi oksijeni inayoletwa na damu ili kuchoma sukari na mafuta. Joto linalotokana na kazi hiyo ndilo linalokutoa jasho, na ndilo linalotafutwa na mwili unapotetemeka asubuhi ya baridi ya Julai.

Nyuzi za misuli nazo si za aina moja. Siku utakapomchinja kuku, tazama nyama yake. Mguu ni mwekundu wenye weusi, kifua ni cheupe. Kuku hutembea kutwa, kwa hiyo miguu yake ina nyuzi nyingi za polepole, zenye damu ya kutosha na zisizochoka upesi. Mabawa huyatumia kwa dharura tu, anaporuka ukuta kumkimbia mbwa. Kifua chake kina nyuzi za kasi, zenye nguvu nyingi za muda mfupi. Binadamu ana aina zote mbili zikiwa zimechanganyika katika msuli mmoja.

Wakimbiaji wa masafa marefu hujaaliwa nyuzi nyingi za polepole, kisha huzifunza kwa miaka. Nilikuwa kijana mdogo wa shule ya msingi wakati Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, aliposhinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995. Sote tulitoka shuleni tukikimbia. Mwaka 2011 Patrick Makau, mwana mwingine wa nchi hii, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Lakini hata mwanariadha kama huyo ana siku za kupumzika katika ratiba yake, maana anajua jambo ambalo yule mama wa Iveti hakupewa nafasi ya kulijua: msuli haukui wakati wa kazi. Hukua wakati wa mapumziko, baada ya kazi.

Kazi ngeni husababisha michubuko midogo sana katika nyuzi. Mwili huikarabati, na baada ya ukarabati uzi huwa imara zaidi. Yale maumivu unayoyasikia kesho yake, au keshokutwa, baada ya kulima kwa mara ya kwanza tangu likizo, ni dalili ya ukarabati huo. Wengi husema ni asidi iliyobaki ndani ya misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika muda wa saa moja hivi. Maumivu ya ukarabati huisha yenyewe kwa siku chache, na kutembea polepole huyapunguza.

Ikiwa mtu hapati siku ya ukarabati, michubuko huongezeka juu ya michubuko. Huyo ndiye mama yetu.

Ugonjwa wa kiti

Sasa tumrudie mwanawe. Huamka alfajiri, hupanda matatu ya Nairobi, hukaa zaidi ya saa nzima barabarani, hukaa kutwa ofisini, na jioni hukaa tena garini kurudi Machakos. Nyumbani hukaa mbele ya televisheni. Akihesabu vizuri, atakuta amekaa saa 12 au zaidi.

Mwili ni bahili. Hautunzi kitu usichokitumia. Msuli usiofanya kazi hupunguzwa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Misuli ya makalio ya karani huyu imelala. Misuli ya mbele ya nyonga imejikunja kwa kukaa. Ile ya tumbo imelegea. Inabaki misuli miembamba ya kiuno ikishikilia kiwiliwili kizima, saa baada ya saa, bila kubadilishana zamu. Msuli unaokaza bila kupumua, hata kwa kazi ndogo, huchoka na kuuma.

Kuna hasara nyingine. Misuli ya shavu la mguu ni pampu ya pili ya damu. Kila hatua unayopiga huikamua mishipa na kuirudisha damu juu moyoni. Mtu akikaa muda mrefu, miguu huvimba. Tena misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Ghala likidhoofika, sukari hubaki katika damu, na huo ni mlango mmojawapo wa kisukari.

Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, mtu asiyejishughulisha hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mzee akilazwa kitandani siku kumi kwa ajili ya homa ya mapafu, anaweza kupona mapafu akashindwa kusimama. Kwa hiyo ukimuuguza mzazi wako, usimwache amelala kutwa kwa kumhurumia. Daktari akiruhusu, mketishe, msimamishe, mwende naye hadi mlangoni.

Ufanye nini?

Habari njema ni kwamba msuli husikia ukiambiwa. Hata mtu wa miaka 80 akiufanyisha kazi huongezeka nguvu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ni kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki, ili wasianguke.

Wewe unayekaa ofisini, anza hivi. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Kila baada ya nusu saa, simama. Nyumbani, kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kukaa mara kumi bila kujishika. Lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio juu kama daraja, hesabu hadi tano, shusha, urudie mara kumi. Simama nyuma ya kiti ukinyanyuke kwa vidole vya miguu mara kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wewe unayebeba na kulima, au mwenye mama anayebeba na kulima, dawa ni tofauti. Gawanya mzigo: mitungi miwili ya lita kumi ni bora kuliko mmoja wa ishirini. Uwe karibu na mwili wakati wa kuuinua, piga magoti badala ya kuinamisha kiuno, na usipinde kiwiliwili ukiwa na mzigo. Unapotupa udongo, geuza miguu pamoja na mwili. Badilisha kazi kila baada ya muda, na siku moja kwa wiki jembe lipumzike. Mama akianza kuvuja mkojo anapobeba au kukohoa, hiyo ni misuli ya sakafu ya nyonga inayolalamika. Asione haya, amwambie daktari, kwani kuna mazoezi yake.

Chakula cha msuli ni protini, nacho si lazima kiwe nyama choma ya kila Jumamosi. Muthokoi uliochanganywa na maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi, maziwa na mayai vinatosha. Tena kunywa maji, hasa ufanyapo kazi juani.

Mgongo ukikamata ghafla, usilale kitandani wiki nzima. Pumzika siku moja au mbili kwa kupunguza kazi, kanda kwa kitambaa cha maji moto, kisha uanze kutembea kidogo kidogo. Maumivu mengi ya kiuno hupungua sana katika wiki chache.

Na vidonge? Sisemi visitumike kamwe. Diklofenaki na ibuprofeni zitumike kwa siku chache, kwa kipimo kidogo kinachotosha, baada ya chakula. Usizichanganye zote mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, au mjamzito, asizimeze bila kumwona daktari. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa na ukimbie hospitali saa hiyo hiyo.

Vile vile, si kila maumivu ya mgongo ni ya misuli. Nenda hospitali bila kukawia ikiwa miguu inakosa nguvu, sehemu za siri zimekufa ganzi, au huwezi kuuzuia au kuutoa mkojo. Nenda pia ikiwa una homa, unakonda bila sababu, unatoka jasho usiku, au maumivu hayapungui hata ukilala, kwa kuwa kifua kikuu na saratani huweza kushika uti wa mgongo. Maumivu ya kifua yanayobana na kuambatana na jasho yasiitwe "msuli" hata kidogo. Na mtu aliyefanya kazi nzito kupita kiasi kisha mkojo wake ukawa mweusi kama soda ya kola, misuli yake imeharibika na figo ziko hatarini.

Huenda ungependa kujua mwisho wa wale wawili. Yule karani alinunua mabomba ya paa na tangi, na sasa mvua ya Novemba hukinga maji mlangoni mwa mamake. Kila Jumamosi hupanda Iveti kumchimbia matuta, taratibu, jembe kwa jembe. Mara ya mwisho nilipomwona, aliniambia kiuno chake kimeacha kuuma. Mama naye bado hubeba maji wakati wa kiangazi, lakini kwa mitungi ya lita kumi, na siku ya Jumapili habebi kitu.

Nami kuanzia siku ile, mgonjwa akiniambia mgongo unauma, kabla sijashika kalamu humuuliza kwanza, "Kazi yako ni gani, na unaifanyaje?" Siku utakapokwenda kwa daktari wako, asipokuuliza, mwambie wewe.